Maumivu Yasiyo na Jeraha: Historia ya Ushahidi Uliopuuzwa Kandokando ya Tanganyika

Mwishoni mwa Aprili 1858 mitumbwi miwili kutoka Ujiji ilifika Uvira ikiwa na Waingereza wawili wagonjwa, Richard Burton na John Hanning Speke. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi vilivyomfanya ashindwe kusema sawasawa. Speke macho yalikuwa mabovu, na sikio lake moja lilikuwa limeharibika baada ya mdudu kuingia ndani. Walikuja na swali moja: mto Ruzizi unaingia katika Ziwa Tanganyika au unatoka humo kwenda kaskazini? Waliwauliza wana watatu wa Maruta, mtawala wa pale, na watu wengine waliokuwepo. Wote walijibu kwamba mto unaingia. Burton alilipokea jibu hilo kwa uchungu, kwa maana lilivunja ndoto yake ya kupata chanzo cha Naili, lakini mwaka 1864, akiwa Uingereza, aligeuka na kutetea tena wazo kwamba huenda mto unatoka ziwani. Ikabidi dunia ya wasomi ingoje hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopelekwa kwa mtumbwi hadi mlangoni pa Ruzizi na kukuta maji ya mto yakiwasukuma kuwarudisha ziwani. Watu wa Uvira walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Kwa miaka 13 neno lao lilikosa uzito kwa sababu hakuna mgeni aliyekuwa ameona kwa macho yake. Makala haya yanadai kwamba historia ya maumivu ya mwili yasiyo na jeraha imepita njia hiyohiyo: anayeumwa hutoa ushahidi, mpimaji akikosa cha kuona huukataa, na baada ya miaka mingi kipimo kipya huja kuthibitisha kile alichosema mgonjwa siku ya kwanza.

Maumivu ya aina hiyo si mageni kwenye mwambao huu. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1860, Burton huyohuyo alieleza jinsi watu wa njia za misafara walivyokuwa wakiumika. Pembe ya ng'ombe au ya mbuzi huwekwa juu ya mahali panapouma, anayetibu hufyonza hewa kwa kinywa kupitia tundu la nchani, kisha huliziba tundu hilo kwa nta. Baadaye ngozi huchanjwa ili damu itoke. Upigaji chuku wa namna hii ungali unajulikana pande nyingi za Afrika Mashariki na Kongo, na kwa kawaida pembe hailengi kidonda. Huwekwa mgongoni, begani, kiunoni, mahali ambapo jicho halioni chochote ila mwenyewe anasema panamuuma. Lugha nayo ilikuwa na maneno tayari: baridi yabisi, kichomi, viungo kuuma, mwili kuvunjika. Jamii haitengenezi kifaa wala haitungi msamiati kwa ajili ya jambo lisilokuwepo. Je, pembe iliponya? Hilo ni swali jingine, na hakuna haja ya kudai kwamba iliponya. Linalotuhusu hapa ni kwamba mganga wa pembe alianza kazi yake kwa kuuliza panauma wapi, na jibu la mgonjwa lilimtosha kuanza matibabu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea kandokando ya maziwa makuu, na tawala za kikoloni za pande zote mbili za Tanganyika zikawahamisha watu kutoka sehemu za mwambao zenye mbung'o. Tunaukumbuka ugonjwa huo kwa usingizi, lakini usingizi huja mwishoni. Kwa miezi, na pengine miaka, mgonjwa huwa na homa za kuja na kuondoka, maumivu ya kichwa, viungo vinavyouma na uchovu usioeleweka. Mwaka 1910 daktari Mfaransa Jean Kérandel, aliyeambukizwa malale akiwa kazini Kongo, alichapisha maelezo ya ugonjwa wake mwenyewe. Alieleza kwamba akijigonga kidogo tu kwenye kitu kigumu, maumivu yalimjia baada ya kitambo kifupi, makali kupita kiasi cha pigo lenyewe. Hadi leo dalili hiyo inaitwa kwa jina lake. Tuseme wazi kilichotokea hapo. Maelfu ya wakulima, wavuvi na wapagazi walikuwa wameishi ndani ya miili iliyouma namna hiyo, lakini maumivu hayo yaliingia vitabuni siku yalipompata mtu aliyekuwa na cheo cha kuaminiwa. Hapo ndipo yalipoitwa ushahidi.

Mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo kwa homa ya papasi. Watu wa njia za misafara walikuwa wakimhofia papasi, mdudu anayejificha kwenye sakafu ya udongo na nyufa za kuta, wakisema kuumwa naye huleta homa inayorudi tena na tena pamoja na maumivu makali ya kichwa, mgongo na viungo. Joseph Everett Dutton, aliyekuwa amevitambua vimelea vya malale katika damu ya mtu huko Gambia, alifika Kongo mwaka 1903 pamoja na mwenzake John Todd. Huko mashariki ya Kongo, magharibi ya ziwa, waliuchunguza ugonjwa huo na kuonyesha kwamba papasi ndiye anayeueneza. Dutton aliambukizwa ugonjwa huohuo na akafa Kasongo Februari 1905. Alichokithibitisha kwa gharama ya uhai wake kilikuwa tayari kinasemwa na watu waliolala katika vibanda vile.

Baada ya hapo ukaja utawala uliouhesabu mwili kwa siku za kazi. Kuanzia 1917 sheria ya Kongo ya Kibelgiji ilimlazimisha mkulima kutumikia mazao ya lazima kwa siku 60 kila mwaka, na wakati wa Vita Kuu ya Pili zikaongezwa hadi 120. Katika bonde la Ruzizi zao hilo lilikuwa pamba. Kuinama kupalilia, kuinama kuchuma na kubeba mizigo hadi mahali pa kuuzia ni kazi inayoishia mgongoni. Mkulima mwenye kidonda alikuwa na kitu cha kumwonyesha msimamizi. Aliyeamka mwili mzima unauma hakuwa na cha kuonyesha, na neno lililomngoja lilikuwa uvivu. Tabia ya kumpima mtu kwa jeraha linaloonekana haikuondoka na Wabelgiji. Inaonekana bado pale mgonjwa anapoambiwa kwamba vipimo vyote ni safi, kwa hiyo aende nyumbani akapumzike.

Katikati ya karne hiyo Afrika Mashariki iliipa dunia majina mawili yaliyotoka moja kwa moja midomoni mwa wagonjwa. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulizuka katika uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala, kusini ya nchi ya Tanganyika. Watu waliuita chikungunya, neno la Kimakonde linalomtaja mtu aliyekunjamana kwa maumivu. Mwaka 1959 ukazuka ugonjwa wa jamaa hiyohiyo kaskazini ya Uganda, nao Waacholi wakauita o'nyong'nyong, kwa maana ya viungo kulegea na kuvunjika. Ulienea hadi kuwapata watu wapatao milioni mbili. Wanasayansi walipovipata virusi hivyo, waliyaacha majina ya wenyeji kama yalivyo, na leo yameandikwa katika kila kitabu cha magonjwa ya virusi. Ila jambo kubwa zaidi lilionekana baadaye. Kwa sehemu ya wagonjwa wa chikungunya, homa hukoma ndani ya siku chache lakini maumivu hubaki miezi, hata miaka, na kwa wengine husambaa mwili mzima pamoja na uchovu na usingizi mbovu. Moto umezimika na nyumba bado inaunguza. Hapo ndipo maumivu yanapoacha kuwa dalili ya ugonjwa mwingine na kuwa ugonjwa wenyewe.

Ulaya nayo ilikuwa ikihangaika na fumbo hilohilo. Mwaka 1904, Dutton akiwa Kongo, daktari William Gowers wa London alipendekeza jina fibrositisi, akiamini kwamba maumivu ya mgongo na misuli hutokana na uvimbe katika nyuzi za mwili. Waliotafuta uvimbe huo kwa darubini baadaye hawakuupata, na kwa kuwa jina lilikuwa limejengwa juu ya uvimbe, wengi wakahitimisha kwamba ugonjwa wenyewe haupo. Mwaka 1976 jina likageuzwa kuwa fibromialjia, maana yake maumivu ya nyuzi na misuli, bila kudai uvimbe wowote. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliweka kanuni: maumivu ya mwili mzima kwa miezi mitatu au zaidi, na uchungu katika sehemu 11 kati ya 18 zinapobonyezwa kwa nguvu ya kilo 4. Hakuna mashine inayohitajika. Anayepima hubonyeza kwa kidole gumba nyuma ya shingo, juu ya bega, kando ya kiwiko, ndani ya goti, na nguvu inatosha pale ukucha wake mwenyewe unapogeuka mweupe. Mtu mwenye afya husema anasikia kubanwa. Mwenye ugonjwa huu hushtuka na kuuvuta mwili wake. Mwaka 2010 hata kidole hicho kikawekwa kando. Kanuni mpya inamuuliza mgonjwa aonyeshe maumivu yalikuwa katika sehemu zipi kati ya 19, uchovu wake ni wa kiasi gani, anaamka vipi asubuhi, na kumbukumbu yake ikoje. Baada ya zaidi ya miaka 100 ya darubini, elimu ilirudi kwenye kauli ya mgonjwa, na ilirudi kwa hoja: kauli hiyo ndiyo iliyotambulisha ugonjwa vizuri.

Jinsi mwili unavyofikia hali hiyo imeanza kueleweka. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwa panya kwamba baada ya jeraha, neva ndani ya uti wa mgongo hubadilika zenyewe na kuukuza ujumbe wa maumivu unaopita. Mfano wa hali hiyo ni mlinzi wa usiku aliyevamiwa mara kadhaa: wezi wameondoka, lakini sasa hupuliza filimbi kwa sauti ya jani. Filimbi ni ya kweli, na mlinzi hadanganyi. Kilichoharibika ni kiwango kinachomfanya apulize. Mwaka 2002 Richard Gracely na wenzake walibonyeza kucha za vidole gumba vya wagonjwa wa fibromialjia na vya watu wenye afya huku ubongo ukipigwa picha. Mbonyezo ambao mtu wa kawaida aliusikia kidogo tu uliamsha kwa wagonjwa sehemu nyingi za ubongo zinazoshughulikia maumivu. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza na Sweden walichukua kingamwili kutoka damu ya wagonjwa, wakaziingiza katika panya, na panya hao wakawa wepesi kuumia. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeyapa maumivu sugu ya msingi nafasi yake, kama ugonjwa usiohitaji kuazima jina la ugonjwa mwingine ili uhesabiwe.

Tukiurudia mwambao wa Uvira tukiwa na elimu hiyo, historia yake ya karibuni inasomeka upya. Mji huu ulishikwa na waasi wa Simba Mei 1964. Oktoba 1996 vita vya waasi wa AFDL vilipita hapa na kuwatawanya wakimbizi waliokuwa kambini. Mwaka 1998 vikaanza vita vingine, na Desemba ya mwaka huo watu wa Makobola, kusini kidogo ya mji, waliuawa kwa wingi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba na kuua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watu wazima 998 katika maeneo ya Kivu Kusini, Kivu Kaskazini na Ituri, ulikuta kwamba nusu yao walikuwa na dalili za kiwewe cha vita, na watu 40 hivi kati ya kila 100 walikuwa na dalili za huzuni nzito. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba waliopitia ukatili na hofu ya muda mrefu hupatwa zaidi na maumivu sugu ya mwili mzima. Usingizi pekee unatosha kutufikirisha. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake, huko Toronto, waliwavuruga watu wenye afya katika usingizi wao mzito kwa usiku kadhaa, na watu hao wakaanza kuamka na mwili unaouma na kuchoka. Sasa mfikirie mama aliyelala miaka mingi sikio moja likiwa wazi, ambaye alfajiri yuko ufukoni kupokea ndagala, anawaanika mchangani kabla jua halijawa kali, kisha anajitwika beseni hadi sokoni. Mwili wake umefunzwa kukesha.

Hapa wapo watakaosema: basi ni huzuni tu, tatizo liko kichwani. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Hofu na msiba huweza kuwa mlango, lakini wengi wamepita mlango huo bila kupata maumivu sugu, na wengine wanayo bila kupita vitani. Kwa baadhi yao chanzo kilikuwa virusi, kwa wengine ajali, kwa wengine urithi wa ukoo. Hata pale chanzo kilipokuwa huzuni, kilichobadilika ni neva na uti wa mgongo, vitu vya nyama. Hakuna anayemwambia mtu aliyepata shinikizo la damu kwa misukosuko kwamba damu yake haina shinikizo.

Wengine watasema kwamba fibromialjia ni jina la nchi tajiri, na Uvira ina kipindupindu. Ni kweli kwamba kipindupindu kimekaa hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwamba maji safi na chanjo iliyotolewa mwaka 2020 vinaokoa watu ambao wangekufa ndani ya siku moja. Hakuna anayeomba dawa iondolewe huko. Lakini magonjwa mawili hayagombanii kiti kimoja, kwa sababu ugonjwa wa maumivu unalipiwa tayari, tena kila mwezi, kwa jina lisilo lake. Mtu mwenye mwili unaouma na uchovu huambiwa ana palu, yaani malaria. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika sana huweza kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo anaweza kutibiwa tena kitu kilichokwisha. Asipokuwa na palu huambiwa tifoidi, kwa kipimo cha Widal ambacho mahali penye tifoidi nyingi humkuta na alama hata mtu asiyeugua. Zinafuata sindano za kutuliza, maji ya mshipani na dawa za kuua bakteria. Familia huuza mbuzi, na baada ya wiki mbili maumivu yako palepale.

Dawa zikishindwa, maelezo ya mwisho huwa ni sumu, ile ambayo Kivu Kusini huitwa karuho, au mkono wa mtu. Hoja hii isidharauliwe, maana inampa mgonjwa kitu ambacho hospitali imemnyima: inakubali kwamba anaumwa kweli. Ndiyo maana anaiamini. Ubaya wake ni kwamba inadai mkosaji, na mkosaji huwa jirani, mke mwenza au bibi kizee, na katika eneo lililoumia kiasi hiki tuhuma ya sumu yaweza kuleta mauti. Muuguzi anayeweza kusema, "Mama, ninaamini unaumwa, ugonjwa huu una jina, na hakuna aliyekulisha kitu," anamtibu mgonjwa na kumlinda jirani kwa sentensi moja.

Kuna pingamizi la nne, nalo ni zito kuliko yote: jina hili likizoeleka, halitaficha magonjwa mengine? Litaweza, likitumiwa kwa uvivu. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, ukimwi, homa ya maziwa mabichi, tezi ya shingo iliyolegea na baridi yabisi inayovimbisha viungo vyote huleta maumivu, na vyote vina matibabu yake. Homa, kupungua uzito, kiungo kilichovimba, mguu uliokufa ganzi au maumivu yaliyosimama mahali pamoja tu ni ishara za kutafuta zaidi. Lakini utafutaji ukikamilika bila kupata kitu, hitimisho lisiwe kwamba hakuna kitu. Ugonjwa wa mlinzi aliyeshtuka una dalili zake, na una njia za kuupunguza ambazo Uvira inazimudu. Miongozo ya Ulaya ya 2017 iliyapa mazoezi mepesi nafasi ya kwanza kuliko dawa yoyote: kutembea kidogo kila siku na kuongeza polepole, bila kuuchosha mwili siku moja na kulala mbili. Amitriptilini kwa kiasi kidogo usiku, dawa ya bei nafuu iliyomo katika orodha ya dawa muhimu, huwasaidia baadhi kulala na kuumia kidogo. Dawa kali za jamii ya afyuni hazifai, kwani huleta uraibu na maumivu hayaishi.

Stanley na Livingstone hawakuhitaji chombo chochote kipya mwaka 1871. Walihitaji kupelekwa mlangoni pa mto na watu waliokuwa wanajua njia, na kukaa pale hadi wausikie mkondo. Katika vituo vya afya kati ya Kavimvira na Kalundu, kazi inayolingana na hiyo ni ya dakika chache: kuuliza panauma wapi na tangu lini, kuuliza usingizi ukoje, kubonyeza bega hadi ukucha uwe mweupe, kisha kuyaandika majibu kwenye fishi ya mgonjwa kama alivyoyasema.